Mishale au Skrini? Chumba cha Rubani wa MiG-21 Katika Tarakilishi

Miongoni mwa wapenzi wa programu za tarakilishi zinazoiga urubani, kuna mjadala usiokwisha ambao, kwa maoni yangu, unastahili kusikilizwa hata na sisi tuliozama katika fasihi. Ndege ya kivita ya zamani inapoundwa upya ndani ya tarakilishi, je, chumba cha rubani kiachwe na mita zake za mishale kama kilivyotoka kiwandani, au kitiwe skrini za kisasa zinazomfanyia rubani hesabu zote? Wengi hulichukulia swali hili kuwa la ladha tu, mithili ya mpenda chai ya maziwa na mpenda chai ya rangi. Mimi siafiki.

Tuitazame MiG-21bis, ndege ya Kisovieti iliyoanza kutumika mwaka 1972, na ambayo nakala yake ya tarakilishi ilitolewa mwaka 2014 katika programu iitwayo DCS. Ndani yake rubani anakabiliana na ubao wa rangi ya samawati iliyoingiwa na kijani, umesheheni mita za duara zilizobanana kama abiria wa matatu. Katikati ya ubao umechorwa mstari mweupe wa wima. Mstari huo si pambo. Ndege ikiishiwa na nguvu ya kuelea na kuanza kuanguka huku ikizunguka kama pia, rubani aliyeshikwa na kizunguzungu hana wasaa wa kutafakari. Anausukuma usukani kuelekea mstari ule, naye anajua kwamba usukani uko katikati.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni mita ya mafuta. Haipimi mafuta yaliyomo tangini. Huhesabu yale yanayotumika, ikiyatoa katika jumla ambayo rubani mwenyewe ameiweka kabla ya kupaa kwa kuzungusha kidude kidogo. Akiidanganya, nayo itamdanganya, tena kwa uaminifu mkubwa, mpaka injini izimike. Mita za namna hii hazimweleza rubani hali yake. Humpa vipande, naye ndiye avishone kichwani: kasi hapa, mwinuko pale, mafuta kule, na muda uliosalia haujaandikwa popote.

Wanafunzi wa ushairi wa kale watalielewa jambo hili upesi. Katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, herufi moja iliweza kusimama kwa niaba ya b, p au mb. Msomaji aliamua kwa kufuata maana na mizani. Aliyelelewa na hati za Kirumi huuona huo kuwa upungufu, ilhali wenyewe waliusoma bila kusita, kwa maana sehemu ya utenzi ilikuwa karatasini na sehemu nyingine ilikuwa ndani yao.

Nisieleweke kwamba nausifu ukale kwa kuwa ni ukale. Mwaka 1947, Paul Fitts na Richard Jones, waliokuwa wakilifanyia utafiti jeshi la anga la Marekani, walichambua visa 270 vya marubani kukosea kusoma mita, na kosa la kusoma mwinuko lilikuwa miongoni mwa visa hivyo. Watu wamewahi kufa kwa sababu mshale mmoja ulisomwa visivyo. Skrini haikubuniwa kwa ajili ya wavivu.

Fauka ya hayo, MiG-21 yenye skrini iliwahi kuwepo kweli. Kuanzia miaka ya 1990, Romania kwa kushirikiana na kampuni ya Elbit ya Israeli ilizifanyia ukarabati ndege zake na kuziita LanceR, ikaziruka hadi Mei 2023. Anayeiunda LanceR katika tarakilishi akaitia skrini hajakosea lolote. Ninachokipinga ni ile bis ya 1972 inayopachikwa skrini ambayo haikuwa nayo, eti mchezaji asisumbuke, kisha ikaendelea kuitwa bis.

Ubishi wangu una sababu. India, iliyozirusha MiG-21 kwa zaidi ya miaka 60, ilizistaafisha za mwisho Septemba 2025. Waliozirusha wanazeeka. Vitabu vitatuhifadhia urefu wa mabawa na kasi ya juu kabisa, lakini jinsi jicho lilivyoruka kutoka mshale hadi mshale, likirudi kila mara kwenye ule wa mafuta, haiandikiki kwa urahisi. Nakala iliyo aminifu humfanya kijana asiyewahi kuingia ndegeni airudie safari hiyo ya jicho kwa jicho lake mwenyewe.

Mjomba wangu, fundi wa ndege aliyestaafu, aliwahi kunitembelea nikiwa nimefungua ndege ya kisasa kwenye tarakilishi. Alizitazama skrini kwa adabu, kisha akauliza, "Na mshale ukikwama, mwagonga wapi?"

"Hapa hakuna mshale, mjomba."

"Basi mtajuaje kuwa imekwama?"

Sikuwa na jibu, naye hakulingoja. Alinitaka nimwonyeshe ile ya zamani. Programu humruhusu mchezaji kubadilisha maandishi ya ubao wa MiG-21 yawe ya Kiingereza. Mimi nimeyaacha katika Kirusi. Herufi zile sizijui zote, ila kidude cha kuwekea lita za mafuta nakifikia bila kukitazama.