Ruzuku Ndogo ni Posho ya Safari

Wengi wetu tusikiapo neno utamaduni, fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula na methali za wazee. Hayo yote ni sehemu ya utamaduni, wala hatuyadharau. Lakini utamaduni wa taifa haukomi katika uwanja wa ngoma. Namna watu wa kijiji wanavyokutana kuamua jambo, wanavyochanga, wanavyogawana kazi na wanavyoulizana hesabu, huo nao ni utamaduni, na pengine ndio mama wa huo mwingine. Katika makala haya twataka kueleza jambo moja lililo katika fungu hilo, nalo ni ruzuku ndogo zipelekwazo vijijini: fedha chache za kununulia bati za madarasa mawili, saruji ya kisima kimoja, au mizinga ya kikundi kimoja cha wafuga nyuki. Rai yetu ni kwamba fedha hizo huleta nafuu kubwa kuliko hesabu yake pale zinapokikuta kijiji kimekwisha kuanza kazi. Zikikikuta kimekaa kitako, huweza hata kukidhuru.

Sisi twakaa Cheyo, mjini Tabora, na kazi ya serikali imetupeleka mara nyingi katika vijiji vya Uyui, Sikonge na Urambo. Nchi hii ni nchi ya njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe kabla ya kuendelea Ujiji na Ziwa Tanganyika, na miembe mikongwe ya njia hiyo ingali yatukumbusha. Wanyamwezi walisifika kila mahali kwa upagazi. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila 2, yaani kilo zipatazo 32, akatembea nao miezi mingi. Njiani alipewa posho: kibaba cha nafaka kwa siku, au kipande cha nguo cha kubadilishia chakula katika vijiji alivyopita.

Tulitazame neno hilo posho kwa makini. Posho haikuwa ujira wa safari, wala haikumtua mpagazi mzigo wake. Miguu ilikuwa yake, mabega yalikuwa yake, na ujuzi wa njia ulikuwa wake. Lakini posho ilipokosekana, msafara mzima ulilala njiani, hata kama wapagazi walikuwa hodari kama simba. Hatusemi haya ili kuisifu misafara yote, maana mingine ilichukua pembe za ndovu pamoja na watu waliotiwa minyororo, na aibu hiyo haifutiki. Twaazima neno moja tu, kwa kuwa lafafanua jambo letu. Ruzuku ndogo ni posho. Haimbebi mtu, humwezesha yule aliyekwisha kujitwika mzigo wake afike aendako.

Lugha yenyewe yatufundisha vivyo hivyo. Ruzuku na riziki ni maneno ya ukoo mmoja, na wahenga wa pwani walikwisha kutuambia kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Riziki humkuta mtu akiwa katika kuitafuta.

Kabla ya kuzisifu fedha ndogo, yafaa tuzikumbuke fedha kubwa zilizowahi kupita mkoani mwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yaliletwa, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Lakini udongo haukupimwa ipasavyo, mvua haikuchunguzwa, na mkulima aliyeijua ardhi ile tangu utoto wake hakuombwa shauri. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Baadaye ardhi ya Urambo ilijulikana kwa tumbaku, zao lililokubaliana nayo. Hatusemi kuwa kila jambo kubwa ni baya. Twasema tu kuwa wingi wa fedha haukuweza kuziba pengo la kutowauliza watu.

Taifa letu lilipojipatia Uhuru mwaka 1961, lilirithi umaskini mwingi na shule chache. Watu waliitikia wito wa kujitolea kujenga taifa, wakachimba visima, wakalima barabara na kusimamisha madarasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne yanayohitajika ili tuendelee, nayo ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuhesabiwa miongoni mwa hayo manne. Hata hivyo kila aliyeshiriki katika kazi za kujitolea ajua kwamba mikono ya watu hufika mahali ikasimama. Mikono yaweza kufyatua matofali, kusomba mchanga na kuponda kokoto, lakini haiwezi kufyatua bati wala kufinyanga saruji. Hapo ndipo posho ya safari inapohitajiwa.

Miaka ya karibuni imetupa mifano iliyo wazi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, tulioujua kwa jina la MMEM, ukaanza mwaka 2002. Fedha za ujenzi wa madarasa na ruzuku ya uendeshaji zilipelekwa shuleni, na kamati za shule zikapewa dhamana ya kuzisimamia pamoja na walimu. Wananchi walitoa nguvu zao. Kiwango halisi cha uandikishaji wa watoto wenye umri wa kwenda shule kilipanda kutoka kiasi cha asilimia 59 mwaka 2000 hadi asilimia 96 mwaka 2006. Mwaka 2000 huo huo, katika uongozi wa Rais Benjamin Mkapa, ulianzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao kila mtu humwita TASAF. Katika awamu zake mbili za mwanzo mfuko huo ulitaka kijiji chenyewe kiibue mradi wake katika mkutano, kichague kamati, kifungue akaunti na kutoa mchango wake. Ndipo fedha zilipokuja.

Tutoe kisa kimoja tulichokiona kwa macho yetu. Katika kijiji kimoja cha Uyui wananchi walichoma matofali yao na kujenga boma la madarasa mawili mpaka kwenye lenta. Uwezo wao ukaishia hapo. Boma lile lilinyeshewa misimu mitatu ya mvua, majani yakaota ndani, na mbuzi wakalifanya zizi. Watoto waliendelea kusomea chini ya mti, na mawingu yalipotanda mwalimu aliwaruhusu waende makwao. Kisha ikaja ruzuku: bati, mbao, misumari na saruji ya sakafu. Haukupita muda mrefu madarasa yakaezekwa.

Lakini jambo lililotuvutia zaidi halikuwa bati. Lilikuwa mkutano wa kusoma hesabu. Mwenyekiti wa kamati alipomaliza kusoma, alisimama bibi mmoja aliyekuwa amesomba mchanga kwa kichwa chake tangu msingi ulipochimbwa. Akasema, "Mwanangu mwenyekiti, umetusomea kilo 40 za misumari. Fundi amepiga misumari mbele ya macho yetu. Iliyobaki imelala wapi?"

"Shikamoo bibi," mwenyekiti akajibu. "Zimebaki kilo 3. Zipo kwa mtunza ghala."

"Marahaba. Basi ziletwe tuzione."

Zikaletwa, zikapimwa hadharani, na mkutano ukaamua zitumike kutengenezea madawati yaliyovunjika. Hakuna aliyekasirika, wala mwenyekiti hakuona amevunjiwa heshima. Bibi yule hakuwa amesoma uhasibu. Aliweza kuuliza kwa sababu fedha zile zilikuwa ndogo kiasi cha kuonekana kwa macho, na kwa sababu jasho lake mwenyewe lilikuwa limechanganyika nazo. Tokea siku hiyo tumeamini kuwa ulinzi wa mali ya umma huanza mahali ambapo mtu aweza kuihesabu kwa vidole vyake.

Nafuu hiyo haikomi kwenye majengo. Awamu ya tatu ya TASAF, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilizielekea kaya maskini zenyewe, zikafikia zaidi ya milioni 1. Kwa miaka kadhaa kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyongeza ya shilingi 4,000 iliyokuwa na watoto, kwa sharti la kuwapeleka watoto kliniki na shuleni. Wenye nguvu walipewa ajira za muda za kuchimba malambo na kutengeneza barabara, kwa ujira ulioanzia shilingi 2,300 kwa siku. Wako waliocheka wakisema kuwa fedha hizo ni za kununulia chumvi. Majaribio ya mpango huo yalikuwa yamekwisha kufanyika tangu mwaka 2010 katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na uchunguzi ulionyesha mambo ambayo yapasa kuwanyamazisha wenye kucheka. Kaya zilizopata ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zilifuga zaidi kuku na mbuzi, na watoto wao walivaa viatu zaidi kuliko wa kaya zisizopata. Maskini alipopata kidogo hakukitupa. Alikitia katika kitu chenye kuzaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kusimulia mema peke yake. Katika kijiji kingine tulikuta pampu ya maji imesimama kimya, na akina mama wakichota maji ya rangi ya udongo katika dimbwi lililo mbali. Pampu ilikuwa imefungwa na wageni waliokuja na vifaa vyao na kuondoka navyo, wala mkutano wa kijiji haukuitishwa. Kilichokuwa kimeharibika ni mpira mmoja ambao bei yake haikufikia bei ya kuku. Tulipouliza mbona haununuliwi, tulijibiwa kwa upole, "Pampu ya mradi imeharibika. Tunawangoja wenyewe." Jibu hilo lilituumiza kuliko kiu ya njiani. Wenyewe ni nani? Wanywao maji ni wao, watoto wauguao matumbo ni wao, lakini katika usemi wao pampu ilikuwa na wenyewe wengine walio mbali. Katika kile kijiji cha kwanza hatukumsikia mtu akisema "darasa la mradi". Wote walisema "darasa letu". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya ruzuku iliyojenga na ruzuku iliyopotea.

Iko pia mipaka ambayo yatupasa kuikiri. Ruzuku ndogo isingeweza kamwe kuleta maji ya Ziwa Victoria mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Kazi hiyo ilihitaji mkopo mkubwa kutoka India na mabomba ya mamia ya kilomita. Reli, umeme na hospitali ya mkoa havijengwi kwa michango ya matofali. Tena ruzuku ikichelewa, boma hubomoka na moyo wa watu hubomoka pamoja nalo, na kiongozi atakayewaita tena msaragambo ataonekana mwongo. Na mchango wa nguvu wapaswa kupimwa kwa huruma, maana siku nzima ya kazi ya mjane mwenye watoto watano si sawa na siku ya kijana mwenye ng'ombe. Kijiji chenye busara humpa kila mtu kazi imfaayo, na asiye na uwezo humsamehe bila kumwaibisha. Wazee wetu walipoalikana kulima, hawakumkagua mgonjwa jembe lake.

Kwa hiyo twaona kuwa ruzuku ndogo si sadaka, wala si zawadi ya mkubwa kwa mdogo. Ni sehemu ya mali ya taifa inayorudi kukutana na jasho la wenyewe. Ndugu zetu Wasukuma wana ngoma ya bugobogobo, ichezwayo kwa majembe. Ngoma hiyo haikutungwa kwa ajili ya jukwaa. Ilitoka shambani, ambako mdundo uliwasaidia wengi kuinua majembe kwa pamoja. Ngoma hailimi, lakini huwafanya walimao walime vizuri zaidi. Ruzuku nayo ikijua nafasi yake, itafanya kazi ya ngoma hiyo.

Walimu na wanafunzi watusomao wana wajibu katika jambo hili. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliufanya mkutano mkuu wa kijiji, unaowakusanya wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, kuwa chombo cha juu katika kijiji. Mwanafunzi asingoje umri huo ndipo ajifunze. Aende kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, asome mapato na matumizi, ayajumlishe kama ajumlishavyo hesabu za darasani, na penye shaka amwulize mwalimu wake. Mwalimu naye awafundishe vijana kuuliza kwa adabu na kujibu bila hasira, kama tulivyowaona bibi yule na mwenyekiti wake. Kijana aliyezoea kuuliza habari za kilo 3 za misumari kijijini kwao, atakapokuwa mtu mzima hataogopa kuuliza habari za mabilioni ya taifa lake.