Nafasi

Usiku wa Juni 30 nyumbani kwetu Tabata hatulali. Siku hizi soko la wachezaji huru wa NBA linafunguliwa saa kumi na mbili jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa saba usiku, na ikifika hapo mimi na kaka tumeshakaa sebuleni, simu mbili ziko kwenye chaja, chupa ya chai katikati yetu. Hakuna mechi. Hakuna anayerusha mpira popote. Tunasubiri kusikia nani amekubaliana na timu gani, miaka mingapi, dola ngapi.

Kuna mwaka mama aliamka kunywa maji akatukuta. Akauliza kama tumeanza kamari.

"Hapana mama," kaka akamjibu, "tunaangalia mishahara ya watu."

"Ya kwenu mmemaliza kuiangalia?"

Kaka ndiye aliyenifundisha. Yeye alicheza sana Don Bosco, Upanga, mpaka goti likamkatalia. Mimi sikujaliwa urefu wala pumzi, nilijaliwa hesabu tu, basi akanipa sehemu ya mchezo niliyoiweza. Kila timu, alisema, imewekewa kikomo cha mishahara. Msimu wa 1984/85 kilikuwa dola milioni 3.6; kufikia 2016/17 kilikuwa kimepita milioni 94. Lakini kikomo hicho si ukuta, na hapo alinielewesha kwa pesa ya matumizi ya mama. Pesa ya wiki ikiisha, mama hanunui kitu cha ziada hata umlilie. Ila mtoto wake mwenyewe akirudishwa kwa ajili ya ada, atakwenda kukopa. NBA nako, kwa kawaida, ukitaka kumsajili nyota wa nje lazima mishahara yako iwe imebaki chini ya kikomo. Wa kwako unaweza kumbakiza hata kwa kukivuka, kwa kanuni inayoitwa kwa jina la Larry Bird wa Boston. Ukivuka mno, juu kuna mstari mwingine, na huo ukiupita unatozwa kodi ya anasa.

Ile tofauti kati ya mishahara na kikomo, kaka aliiita nafasi. "Nafasi ni mali," alisema. "Timu inaweza kuwa haina mchezaji wa maana, ila ikiwa na nafasi utasikia inasifiwa."

Julai 2016 nilikuwa namaliza mwaka wa pili chuoni, nasoma uhasibu, na Golden State wakanipa somo ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kunipa. Fedha mpya za televisheni zilikuwa zimekipandisha kikomo kwa takribani dola milioni 24 kwa mkupuo. Stephen Curry alikuwa bado analipwa kama milioni 12 tu, kwa mkataba aliousaini 2012 wakati vifundo vya miguu vinamsumbua. Ukijumlisha hayo unaiona nafasi ya Kevin Durant inavyochomoza, ila haikutosha mpaka wengine watoke. Andrew Bogut akapelekwa Dallas. Harrison Barnes akaachwa, naye akaishia Dallas hukohuko. Festus Ezeli, Mnigeria, akaachwa. Hiyo ilikuwa timu iliyotoka kushinda mechi 73 katika msimu mmoja! Nilizichora zile hesabu kwenye daftari, nikazionyesha kwa wenzangu bwenini kama mtu anayesimulia bao la dakika ya 90.

Lakini kuna jina moja ambalo kaka hapendi tulifanyie mzaha. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, alichaguliwa wa pili mwaka 2009. James Harden alikuwa wa tatu, Curry wa saba. Wamarekani hawajachoka kuicheka orodha hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba Julai 2012 Thabeet alijiunga na Oklahoma City, alikokuwepo Harden, wakawa timu moja kwa miezi michache. Oktoba Harden akapelekwa Houston, kwa sababu timu ilikuwa imeshawaahidi fedha nyingi Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka, kijana wa Brazzaville, na haikutaka kulipa kodi ya anasa kwa ajili ya mtu wa nne. Habari ya Harden iliandikwa mpaka leo inaandikwa.

Agosti 2014 ikawa zamu ya Thabeet. Oklahoma City walimtoa kwenda Philadelphia pamoja na fedha taslimu. Philadelphia walikuwa na nafasi tele ya kumeza mshahara wowote, wakampokea, na baada ya siku chache wakamwacha. Hakucheza tena mechi ya NBA. Nilimweleza kaka kwa ufasaha wote kwa nini ile ilikuwa biashara nzuri kwa pande zote mbili. Alinitazama, akachukua taulo akaenda kuoga.

Mwaka jana, mwezi wa tano, bosi wangu aliniita akaandika kiasi kwenye karatasi. Mishahara ya mwezi isizidi hapo. Nilibaki ofisini mpaka usiku, faili la Excel mbele yangu, na nakiri kwamba nilifurahia. Kulikuwa na mkuu wa idara anayelipwa vizuri, lakini mkataba wake ulibakiza miaka miwili. Kumtoa ni fidia. Kulikuwa na watu wanne wadogo ambao mikataba yao ilikuwa inaisha Juni 30. Hao huwalipi kitu, unawangoja tu waishe. Katika NBA mkataba wa namna hiyo ni bidhaa: timu inaweza kumtafuta mchezaji si kwa mitupo yake, bali kwa kuwa mshahara wake utatoweka kiangazi. Nikazipaka njano zile safu nne. Moja ilikuwa ya mzee wa stoo.

"Safi sana, kijana," bosi alisema.

Katikati ya Juni mzee alikuja mezani kwangu na barua. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa, miwani nimeisahau nyumbani." Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu, pamoja na ile sentensi ya shukrani.

"Sasa nafasi yangu anachukua nani?"

"Hakuna mtu, mzee. Itabaki wazi."

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo funguo nimkabidhi nani?"

Akanikabidhi mimi, siku ya mwisho, akaomba nimwandikie kwamba nimezipokea zote saba. Nikaandika, nikasaini, nikaweka tarehe.

Usiku huo saa saba ilipogonga kaka alikuwa ameshamimina chai. Simu yake ikalia kabla ya yangu. "Hawa jamaa wajanja," akasema, macho kwenye kioo. "Wameshapata nafasi."

"Wamemtoa nani?"

Akashusha kidole, akapandisha, akashusha tena.

"Ngoja," akasema. "Hapa hawajamtaja."