Nilienda Denmark Kuona Mambo ya Karen

Wadau, kama umekulia Ngong kama mimi, Karen ni pale mat ya 111 inapita ukihesabu mageti ya wenyewe. Kwa hivyo nilipopata siku moja huru nikiwa Copenhagen, nikapanda treni ya kwenda kaskazini, karibu nusu saa, nikashuka Rungsted.

Ni mji mdogo umetulia. Mashua bandarini, na ng'ambo ya maji unaona Uswidi. Kando ya barabara ndiyo nyumba ya kina Karen Blixen. Alizaliwa hapo 1885, akafia hapo 1962. Katikati ndio alikuja kwetu, kutoka 1914 hadi 1931, kulima kahawa.

Siku hizi nyumba ni makumbusho. Kwenye chumba alichokuwa anaandikia, ukutani kuna mikuki na ngao za Wamaasai. Nilikuwa nimejipanga kurekodi, nikashindwa. Si hasira, manze. Ni kama umemkuta mtu na koti ya guka yako, na ameipiga pasi vizuri kukuliko.

Nikatoka nje, nikaingia msituni nyuma ya nyumba. Huko hulipi. Amezikwa chini ya mti mkubwa, jiwe tu limelala chini, hakuna mbwembwe. Na ndege ni wengi ajabu, kwa sababu alitaka msitu uwe hifadhi yao. Mwaka 1958 aliomba kwa redio kila msikilizaji atume krone moja. Zaidi ya watu 80,000 walituma. Harambee kabisa, tena bila mgeni wa heshima!

Hapo ndipo iliniuma. Shamba la huku kwetu liliuzwa, likakatwa ploti, na Wakikuyu waliokuwa wanaishi humo, walioitwa maskwota kwa ardhi ya babu zao, ikabidi wahame. Ukweli usemwe, Blixen aliisumbua serikali hadi wakapewa mahali pa kukaa pamoja, na hiyo namshukuru. Lakini hao walihama. Ndege wa Rungsted bado wako.

Nikamtumia mathe picha ya kaburi. Akajibu: "Kijana, umeenda hadi ulaya kuona mambo ya Karen? Si ungepanda tu 111."

Nilicheka peke yangu msituni. Halafu nikarekodi sauti ya ndege, dakika mbili, bila kusema kitu. Hiyo ndiyo vidio nimeposti.