Fungate Baharini



Sisi tuliokulia Mji Mkongwe meli za kitalii hazitushangazi. Tumezizoea zikitia nanga mbele ya Forodhani, nyeupe, ndefu kuliko mtaa mzima, watalii wakiletwa pwani kwa boti ndogondogo na papasi wakiwaandama mpaka Darajani. Jioni wanarudi, meli inapiga honi, inaondoka. Sijamsikia hata siku moja mtu wa mtaani kwetu akiuliza mle ndani mna nini. Vilikuwa vitu vya wageni, kama kaptura.

Kwa hivyo mume wangu, wakati huo bado mchumba na tunazungumza mbele ya kaka yangu, aliposema kuwa badala ya kukodi ukumbi mkubwa angependa pesa zile tuende safari ya meli ya siku saba kutoka Dubai, nyumba nzima ilicheka. Bibi aliuliza, "Fungate ya baharini? Na somo atakaa wapi, juu ya mlingoti?" Yeye alijibu kwa adabu kuwa siku ni zile zile saba, hakupunguza hata moja. Bibi alilipenda jibu lile, maana fungate kwa Kiswahili cha wazee ndiyo saba yenyewe. Kuanzia hapo akawa upande wake.

Mama hakucheka. Aliinuka akaingia jikoni.

Wenzangu wa Unguja na Pemba hamhitaji kuelezwa sana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipinduka na kuzama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, watu wanarudi makwao. Baadaye tume ilisema waliokuwemo walizidi 2,000, katika meli iliyoruhusiwa abiria mia sita na kitu. Mama yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa mmoja wao. Miili ilipokuwa inaletwa viwanja vya Maisara, mama alikwenda siku tatu mfululizo akifunua mashuka. Hakumuona. Mpaka leo hatuna kaburi la kumzuru.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, Ramadhani ikiwa mlangoni. Tangu hapo mama hakupita tena bandarini Malindi kwa miguu. Pemba huenda kwa ndege, na kama nauli ya ndege haipo, haendi.

Mchumba wangu hakuyajua haya. Alijua kuna mtu kwetu alifariki zamani, basi. Kwetu habari za msiba haziwekwi mezani pamoja na habari za mahari, na mimi mwenyewe sikuwahi kuzitamka kwa mtu wa nje. Nilikuwa na miaka kumi na moja ilipotokea, na katika nyumba ile tulijifunza kunyamaza mapema.

Wiki moja mama alikaa na jambo lile. Somo yangu ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka chumbani kwake. Ikisha aliniita akaniambia maneno machache: "Mwanangu, huyo ndiye utakayekuwa naye, si mimi. Nenda. Lakini kila usiku nisikie sauti yako kabla sijalala."

Ya matayarisho nitayasema haraka kwa wanaotaka kujua. Angalieni sana viza ya Imarati: meli inatoka nje ya nchi na kurudi, kwa hivyo viza ya kuingia mara moja haikufai. Chumba kisicho na dirisha ni rahisi zaidi, na kulala unalala vilevile. Pesa taslimu humo hazina kazi. Unapewa kadi ambayo ndiyo ufunguo wa chumba na ndiyo inayoandika deni, na kila siku wanaongeza ada ya huduma ambayo kwenye tangazo huikuti. Intaneti ni ghali. Mimi niliilipia kwa sababu ya mama tu.

Tulipanda meli bandari ya Rashid mchana. Jamani, ni mji. Lifti, maduka, watoto wanakimbia, muziki. Mume wangu alikuwa kama mtoto wa Idi. Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja, na kabla hata ya kufungua sanduku nilikiona: juu ya kabati la nguo, majaketi mawili ya kuokolea maisha, ya rangi ya chungwa.

Kabla ya meli kung'oa nanga abiria wote wanafanyishwa mazoezi ya hatari. King'ora kinalia, kila mtu anakwenda kwenye kituo chake, wafanyakazi wanaonyesha jinsi ya kuvaa jaketi na boti utakayoshukia. Wengi walikuwa wanapiga soga na kujipiga picha. Mimi nilisikiliza kila neno. Nilikuja kusoma baadaye kwamba sharti la kufanya hivyo kabla ya kuondoka, au mara tu meli inapoondoka, lilikazwa baada ya Costa Concordia, iliyogonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012 ikafa watu 32. Mamia ya waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya mazoezi, kwa sababu kanuni ya wakati ule iliruhusu kusubiri mpaka saa ishirini na nne. Miezi minne tu baada ya yetu. Kwa watu 32 dunia nzima ilibadilisha kanuni, na mimi sisemi wasingebadilisha. Nasema tu kwamba nilihesabu.

Usiku wa kwanza nilimpelekea mama sauti, nikamwambia chumba kizuri na chakula kizuri. Taa ilipozimwa nikashuka taratibu, nikalitoa jaketi langu kabatini, nikalilaza baina yangu na ukuta. Nililala nimevaa dira na mtandio kichwani.

Alfajiri mume wangu aliliona. Alikaa kitandani akalitazama, akanitazama.

"Mke wangu, hili lako au langu?"

"Langu."

"Basi na langu lishushe."

Akalichukua lake akaliweka upande wake. Hakuuliza zaidi. Ilikuwa siku ya tano ya ndoa yetu, na nadhani ndiyo siku niliyolia mbele yake kwa mara ya kwanza. Nikamwambia yote. Mama mdogo, Maisara, siku tatu, mashuka. Na vile alivyokuwa ameniahidi kuniletea viatu vyeupe kutoka Wete, akawa anarudi kuvichukua.

Tulipokwisha kusali aliniambia tutoke. Tukatembea kutoka mlango wa chumba chetu mpaka boti yetu ya uokozi, tukahesabu vidato. Vilikuwa sitini na nne. Kila usiku, kabla ya kumpigia mama, tulikwenda tena njia ile ile, siku nyengine kwa ngazi za mbele, siku nyengine za nyuma. Wenzetu walikuwa wanakwenda kuangalia michezo ya jukwaani. Usiku wa tatu nilijikuta nacheka njiani, na usiku wa nne jaketi nililiacha kabatini. Yeye lake alilibakisha kitandani siku moja zaidi, sijui kwa nini, sikumuuliza.

Mambo ya dini wengi mtataka kujua. Kwetu Unguja qibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, na mwili wangu umelizoea hilo. Kule Ghuba qibla ni magharibi, jua linapozama. Meli nayo inageuka. Tulisali kama tulivyofundishwa madrasa: unaelekea qibla, chombo kikigeuka nawe unageuka, na mwenye kukhofu kizunguzungu anakaa. Siku moja ya mawimbi nilisali nimekaa, na sala zetu tulizikusanya na kuzipunguza, maana ni rukhsa ya msafiri. Chakula tuliuliza bila haya. Nyama nyengine walikuwa na hakika nayo, nyengine hapana, nikamaliza safari kwa samaki na mboga. Bwawa la kuogelea sikuliingia, watu wamechanganyika, lakini sikujiona nimekosa kitu. Bahari ninayo nyumbani. Usiku wa mavazi rasmi nilivaa buibui langu la walima lenye nakshi, na bibi mmoja wa Kijerumani akaniomba tupige picha. Pombe ipo, ngoma zipo, na mtu asikudanganye kuwa utazikwepa zote. Meli ni kubwa, unachagua pa kukaa.

Kilichonikaa zaidi ni siku tuliyopita mlango wa Hormuz kwenda Khasab. Milima ya Musandam inasimama ndani ya maji, kavu, haina hata mti, na pomboo wanacheza mbele ya majahazi. Nilisimama kwenye uzio mpaka jua likanichoma. Upepo ulikuwa wa kaskazi. Ni upepo ule ule uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Sur na ya Ghuba mpaka Malindi kwetu, Disemba mpaka Machi, yakaja na tende na samaki mkavu na kurudi na boriti na karafuu kusi linapoanza. Watu waliivuka bahari hii na wake zao na watoto wao juu ya mbao, mwezi mzima. Na bado baadhi yao hawakufika. Sijui kwa nini jambo hilo lilinipa utulivu, lakini lilinipa.

Maskat meli inafunga Mutrah, bandari ya Sultan Qaboos, na ukishuka soko liko mbele yako. Hapo alitusubiri nyanya yake mume wangu, ndugu wa babu yake, aliyeondoka Unguja msichana na kurudi Oman miaka ya sabini pamoja na wengi waliorejea Sultan Qaboos alipotawala. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, kitamu kuliko changu. Alikuwa amekwisha pika kuku wa nazi, na halua tayari, na akakataa katakata tusimuambie kuwa tumekula. "Biharusi wa fungate hali chakula cha meli," alisema, akanilisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Alinipaka udi, akanifukiza nguo, akaniuliza mtaa na ukoo. Nilipotaja Wete alinyamaza kidogo, akasema, "Mwaka ule nasi tulisoma khitma hapa." Sikuwa nimemtajia chochote.

Tulirudi melini mbio, maana saa ikifika hawamsubiri mtu.

Wiki mbili baada ya kurudi ilibidi niende Pemba kumwamkia ukoo wa mama. Mume wangu akaniuliza ndege au boti. Nikasema boti, ya asubuhi. Tukaondoka Malindi kwenda Mkoani, bahari imetulia. Nungwi ilipoonekana upande wa kulia, alinishika mkono, tukasoma Fatiha kimya kimya, na wazee wawili waliokaa mbele yetu nao walikuwa wameinua mikono. Hakuna aliyesema neno.

Mama alikuja kwa ndege. Tulimkuta amekwisha fika Wete, amekaa barazani na wifi zake. Aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni kama anayekagua mzigo.

"Boti ilijaa?"

"Haikujaa, mama. Niliwahesabu."

Akasogea kunipisha pa kukaa.