Kahororo: Farasi Hayupo, Ng'ombe Yupo

Mwezi huu safari yetu imetufikisha Kahororo, katika Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera. Wengi wenu mmelisikia jina hilo kwa sababu ya shule ya sekondari iliyoko huko, maana ndugu zetu wengi wamesoma hapo. Sisi hatukwenda shuleni. Tulikwenda kuangalia mifugo, na waliotutuma ni watoto. Vitabu vyao vina picha ya farasi, wanaimba habari zake, wanajua hata jinsi anavyolia. Mbona hapa kwetu hayupo hata mmoja?

Swali hilo ni zuri na lina jibu. Farasi ni mgeni katika nchi zetu; hata jina lake tumelipata kwa Waarabu. Hawezi kustahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wala ugonjwa mwingine wa farasi wenyewe unaoletwa na visubi wadogo. Msafiri Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walimfia Kingaru, siku chache tu baada ya safari kuanza, naye akabaki na punda na miguu yake. Leo mwenye kutaka kumwona farasi anaweza kumkuta Dar es Salaam, ambako polisi wana kikosi cha mbwa na farasi. Wako pia Arusha na Kilimanjaro, ambako wageni huwapanda, na Nairobi, kwenye mashindano ya mbio pale Ngong. Toka Bukoba, huko kote ni mbali na nauli ni kubwa.

Lakini tulipofika Kahororo tuliona kwamba heshima ambayo watu wengine humpa farasi, huku amepewa ng'ombe, tena tangu zamani sana. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 kwa Mfalme Rumanika, alikuta wake wa nyumba ya mfalme wamenenepeshwa kwa maziwa hadi kutembea kukawa shida. Stanley naye alifika huko mwaka 1876, akaonyeshwa hazina ya Rumanika, na ndani yake mlikuwa na sanamu za ng'ombe zilizotengenezwa kwa shaba. Mtu hatengenezi sanamu ya shaba kwa ajili ya mnyama asiyempenda! Na katika nyumba ya kale ya Wahaya, ile ya duara iitwayo mushonge, ng'ombe walilala humo humo ndani pamoja na wenye nyumba.

Sasa tuje kwenye migomba, kwa sababu hapo ndipo mama anapohusika hasa. Bukoba hunyeshewa mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huosha udongo na kuondoka na rutuba yake. Ukitazama nje ya makazi utaona rweya, yaani mbuga ya majani matupu isiyostawisha kitu kikubwa. Ukiingia ndani ya kibanja unakuta migomba minene, kahawa, na maharage chini yake. Udongo ni ule ule. Kilichoutofautisha ni samadi, na majani yaliyokatwa rweya yakatandazwa shambani, mwaka baada ya mwaka, babu baada ya babu. Ng'ombe alikula rweya mchana, akarudi jioni na rutuba tumboni.

Na nani aliyeibeba? Tuliwauliza akina mama watatu tuliowakuta wakichambua maharage, nao wakacheka kwanza. Wakasema mzee huwasifia wageni ng'ombe wake, lakini majani yanafika zizini juu ya kichwa cha mama, na samadi inatoka kwa njia hiyo hiyo. Mmoja akaongeza kwamba anamjua ng'ombe wao kuliko mwenye jina lake: akikataa kula asubuhi, yeye ndiye wa kwanza kuona. Hatukuwa na la kujibu.

Mambo haya si mzaha. Kati ya mwaka 1890 na 1892 sotoka iliwafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na ng'ombe wakipungua, kibanja nacho huanza kuchoka. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, ila ndigana kali inayoletwa na kupe bado inaua ndama wengi. Ndiyo maana mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe uliosambaa mkoani Kagera ulipokelewa kwa furaha. Familia hufundishwa kwanza, hujenga banda, hupanda mabingobingo, ndipo hupewa mtamba. Ndama jike wa kwanza humlipia deni kwa kwenda kwa jirani. Ng'ombe huyo wa maziwa hufungwa bandani na kuletewa chakula, kwa hiyo samadi haipotei njiani. Mzigo wa majani, hata hivyo, umeongezeka, na hapa tunawaomba akina baba waliochukua gazeti hili mezani wasome mstari huu mara mbili.

Kuhusu nani mwenye mali, mkoa huu una historia yake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, mjini Mwanza, iliamua katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Akina mama wetu watatu walikuwa wamesikia habari hiyo. Mmoja alisema yeye hataki kuuza chochote. Anachotaka ni kutofukuzwa kwenye migomba aliyoilisha kwa mikono yake siku akibaki mjane.

Mkitaka watoto wawaone ng'ombe wenye pembe ndefu, shikeni barabara ya kusini kuelekea Muleba, asubuhi au jioni jua likianza kupoa. Wenye kujua huwaita kwa rangi zao, na mwenye rangi ya kahawia iliyoiva huitwa bihogo. Mwacheni mchungaji awaelezee watoto mwenyewe, ataeleza kwa raha. Watoto wasikae nyuma ya mnyama, na wasikimbie. Mkikaribishwa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, shukuruni, kisha ulizeni kwa upole kama yamechemshwa, hasa kama kati yenu yupo mjamzito, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya kutupa mimba na hata kifua kikuu. Mama mwenyeji hatakasirika. Huyo wetu aliyasogeza tena jikoni, akachochea moto, akatuletea yakiwa yanafuka mvuke.