Fort Greene, mtaa wa Cecil Taylor

Ukifika Brooklyn, New York, tembea hadi Fort Greene. Utaona nyumba za mawe ya kahawia zenye ngazi za nje, miti mikubwa, na bustani yenye mnara mrefu juu ya kilima. Katika mtaa huu aliishi mpiga piano Cecil Taylor hadi alipofariki tarehe 5 Aprili 2018, akiwa na miaka 89.

Alizaliwa New York, na mama yake ndiye aliyemwanzishia piano utotoni. Albamu yake ya kwanza, Jazz Advance, aliirekodi mwaka 1956. Piano aliipiga kama ngoma, kwa vidole, viganja, hata viwiko. Wengi walisema hiyo si jazi, ni kelele. Kazi za muziki zikawa adimu, akaosha vyombo mikahawani ili aishi, na mazoezi hakuacha. Heshima ilikuja baadaye: tuzo ya MacArthur mwaka 1991 na ya Kyoto, Japani, mwaka 2013.

Mimi ni muuguzi, na mtaa huu huupita nikitoka zamu ya usiku. Wangapi kati yetu tulianza ughaibuni kwa kuosha vyombo au kufagia, vyeti vikiwa sandukuni? Sinki halikumfanya Taylor asiwe mpiga piano. Nawe mwanafunzi unayesoma haya mikono ikinuka sabuni, kazi hiyo inalipa kodi ya nyumba tu. Ukirudi chumbani, fungua kitabu chako.