Boca Raton, Mji Uliokubali Giza

Mgeni anayeingia Florida kupitia Miami hupokewa na mwanga. Hoteli zinawaka, madaraja yanawaka, hata minazi imezungushiwa taa. Ukishika barabara ya A1A kuelekea kaskazini, Atlantiki ikiwa mkono wa kulia, mng'ao huo unakusindikiza kilomita 70 hivi hadi Boca Raton. Huu ni mji wa matajiri, na nilitarajia wawe na taa kuliko wote. Kumbe sifa yake kwangu ni giza.

Kuanzia Machi hadi Oktoba kasa hupanda ufuo huu kutaga. Kasa noa hutangulia, kisha kasa duvi, ambao ndio wengi, kisha kasa uziwa. Jike la duvi huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hufukia mayai 100 hivi, halafu hurudi zake majini. Miezi miwili baadaye, au pungufu kidogo, watoto huchomoza mchangani usiku bila mama wa kuwaonyesha njia. Wao huukimbia weusi wa vichaka na kufuata upande wenye mwanga zaidi karibu na upeo wa macho. Zamani upande huo ulikuwa bahari tu. Siku hizi ni taa ya barabarani, na anayeifuata huishia kwa rakuni, chini ya magurudumu, au kwenye jua la asubuhi.

Ndiyo maana nakipenda kipande cha A1A kinachopita kando ya bustani ya Spanish River. Hapo wahandisi walijaribu jambo la busara: kuzima taa za nguzo na kupachika taa ndogo za LED ndani ya lami. Dereva aliona mstari wa njia yake, na mchanga ukabaki gizani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic, kilicho mjini humo humo, waliwaachia watoto wa duvi ufuoni kuwapima. Taa za lami zilipowaka peke yake, watoto walielekea baharini. Za nguzo zilipowashwa, wakapotea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005.

Mwanasayansi Michael Salmon wa chuo hicho aligundua lingine lililonishangaza zaidi. Kasa wa Boca Raton walikuwa wakitaga kwa wingi mbele ya majengo marefu! Jengo refu lililo giza upande wa bahari hukinga mng'ao wa mji ulio nyuma yake, na jike hulichukulia kama ukuta wa msitu. Kwa hiyo ghorofa lenyewe si adui. Balbu ya barazani ndiyo yenye kesi.

Na balbu hiyo dawa yake inajulikana Florida nzima. Taa ikae chini, ifunikwe isionekane kutoka mchangani, na iwe ya rangi ya kaharabu au nyekundu, yaani mawimbi yanayozidi nanomita 560, kwa sababu nyeupe, buluu na kijani ndizo zinazowavuta kasa zaidi. Wapo wanaosema giza huleta wezi. Mimi naona taa kali inayokupiga usoni humficha mwizi vizuri zaidi kuliko taa ya chini inayomulika miguu yako.

Mchana, vuka barabara uingie Kituo cha Gumbo Limbo, kilichofunguliwa mwaka 1984. Kuna matangi ya kasa wanaotibiwa na njia ya mbao inayopenya mikokoni. Jina limetokana na mti wenye gome jekundu linalobambuka, ambao wenyeji kwa utani huuita mti wa watalii, maana nao huiva kwa jua wakachunika.

Ukipanga safari, nenda Juni au Julai na uweke nafasi mapema kwa matembezi ya usiku, maana sheria inakataza kumsumbua kasa, na mwongozaji mwenye kibali anajua namna ya kumkaribia. Simu izimwe. Nao wanaopanga kuweka taa kwenye fukwe za Watamu na Mafia, ambako kasa uziwa wangali wanataga, nawaomba wajifunze kwa barabara ya A1A kabla hawajaagiza nguzo.